Jogoo wa Radhi

Mchikichini, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Habari za Ndanda? Na masikio yanaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "haloo, haloo" mpaka salio linakwisha, na jambo hili nataka ulielewe lote. Mimi ni mzima, ila mguu wa kulia umevunjika chini ya goti.

Usishtuke, ni wiki ya tatu sasa. Nilikuwa nimeinama napanga viatu mbele ya meza yangu hapa sokoni, kirikuu moja ya kubebea marobota ya mitumba ikarudi nyuma bila honi, ikanibana kwenye nguzo. Dereva anaitwa Haruna, kijana wa kwetu kabisa, wa Chikundi. Alinipeleka hospitali mwenyewe, akalia kuliko mimi. Wameniwekea chuma. Polisi walichukua maelezo na kesi ipo.

Sasa Nasma, jirani yangu wa meza, ananiambia niweke wakili, maana gari lina bima na bima haimfuati mtu aliyekaa kimya. Kuna mama mmoja wakili, Josepha, ana ofisi ghorofani huku Kariakoo. Nimeongea naye, hataki hela ya mbele. Lakini mimi sijawahi kumshtaki mtu, na Haruna ananiita dada. Baba, niweke wakili au niache? Kazi yangu ni ya kusimama, na kusimama siwezi. Nimechoka hata kuwaza.

Barua nimempa Goodluck wa basi la Masasi. Jibu mpe yeye.

Mwanao,
Candida


Ndanda
18 Februari 2024

Mwanangu Candida,

Marahaba, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Sisi huku wazima, mahindi yamefika magotini. Masikio ni yale yale.

Usihangaike tena na wakili. Jambo nimelimaliza. Jumapili iliyopita, nimetoka tu misani, nikapata wageni kutoka Chikundi: Nurdin, baba mdogo wa huyo dereva, pamoja na shangazi wa huyo kijana. Nurdin tulicheza naye mpira utotoni. Nilimpa kiti, akakataa, akakaa chini. Wamekuja na jogoo wa radhi, na kwetu mtu akija na jogoo wa radhi humrudishii mlangoni. Nurdin mwenyewe ndiye aliyemchinja ili tule wote, tukala sinia moja. Ukishakula maneno yamekwisha, unajua. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaandikiana karatasi kwamba familia zimesameheana, nikatia saini. Karatasi wanampelekea kijana wao huko, aifikishe polisi.

Mahakama inavunja undugu, mwanangu, mfupa huunga. Kula dagaa, kunywa maziwa.

Baba yako,
Leodegar


Mchikichini
3 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Jumatatu nilienda polisi na magongo yangu kuulizia kesi. Askari akafungua faili, akanionyesha saini yako. Ile L yenye mkia naijua, ndiyo uliyotia kwenye ripoti zangu zote za shule. Akaniambia, "Mama, si mmeshayamaliza kifamilia?" Nilirudi sokoni, nikalia mbele ya wateja.

Jogoo mlimla ninyi, baba. Mimi sikuwepo, na hakuna aliyeniuliza hata kama nina njaa.

Mfupa hauungi. Daktari anasema chuma kimelegea, nifanyiwe operesheni nyingine, la sivyo huu utabaki mguu wa kuburuta mpaka nazikwa. Bila ile bima siiwezi. Haruna sasa hapokei simu yangu. Sikuambii ili umchukie, ndivyo ilivyo.

Wakili Josepha anasema mimi ni mtu mzima, baba hawezi kusamehe kwa niaba yangu. Lakini ile karatasi wataing'ang'ania mpaka mwisho. Anataka barua yako, kwa mkono wako, useme ulisaini bila mimi kujua. Bila hiyo hadhani kama tutafika popote.

Najua ninachokuomba. Kumla jogoo wa mtu kisha kumgeuka, huko nyumbani ni heri uitwe mwizi. Sikulazimishi.

Mwanao,
Candida


Mchikichini
24 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Goodluck anasema barua alikupa mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua. Wiki tatu hizo. Leo Jumapili ya Matawi, kanisani sijaenda, ngazi zinanishinda.

Kama kimya ndilo jibu lako, nimelipokea. Pasaka ikipita, Jumatatu ya tarehe 8, nitamwambia Josepha aache. Sina kinyongo, nimechoka tu. Nasma amenitafutia stuli, najifunza kuuza nikiwa nimekaa. Wateja hawaipendi, wanadhani nina kiburi.

Mwanao,
Candida


Ndanda
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba zote mbili, maana ile ya kwanza sikuiitikia. Barua yako niliisoma siku ile ile, Goodluck alipoondoka tu. Nilinyamaza kwa aibu. Mwanzo ilikuwa aibu mbele ya Nurdin. Halafu ikaja ya mbele yako, na hiyo ikawa inazidi kila nikiamka.

Jumamosi Kuu nilimkamata jogoo wangu mwekundu, yule anayefukuza watoto, nikatembea naye mpaka Chikundi. Nikamwambia Nurdin mbele ya watu wake: wako nilimla, chukua huyu, neno langu nimelirudisha. Shangazi ndiye aliyempokea jogoo, akaniambia, "Leodegar, umetudhalilisha." Nikasema ndiyo. Mwenyekiti naye nimemwandikia. Barua aliyoitaka wakili imo humu ndani ya bahasha, saini ni ile ile ya mkia.

Jana tulikuwa msibani hapa jirani. Watu wa Chikundi walikuwepo. Nilipokaa kwenye jamvi waliinuka mmoja mmoja, nikabaki peke yangu mpaka chakula kikaja, nikaletewa sahani ya peke yangu. Tangu nizaliwe sijala msibani kwa sahani ya peke yangu. Iliniuma, sikufichi. Lakini nilikuwa nimekunja miguu yangu yote miwili, mizima, nikawa nakuwaza wewe na hiyo stuli.

Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nisamehe, na ukitaka kukataa, kataa, sikuletei jogoo.

Goodluck anaondoka na hii alfajiri ya kesho, utaipata kabla ya hiyo tarehe 8. Weka wakili, Candida. Josepha akitaka nije niseme mbele ya hakimu, nitakuja. Ila umwambie hakimu apaze sauti, masikio ni yale yale.

Baba yako,
Leodegar