Bonifasi, Lile Somo Nililitunga Mwenyewe

Ndugu yangu Bonifasi,

Barua ya adabu inaanza kwa kuuliza kama mwenzako iko muzima. Kwako wewe nimekwama kwenye mustari wa kwanza. Mimi niko muzima. Magoti hayako vizuri, lakini nimeyazoea, nayo yamenizoea.

Ninaandika hapa Kibabi, nje ya nyumba yangu, asubuhi ya siku ya Mungu. Wote wako kanisani. Nimemuambia muke wangu kama tumbo linanisumbua, naye akasema, "Tumbo lako, muzee, linajua kalenda." Akaniachia uji, akaenda.

Habari za huku. Pareto imejaa maua mupaka juu ya kilima, na tunayachuma kama zamani, kikapu kwa kikapu. Bwana Saa, muzungu wetu, bado anatazama saa yake kabla ya kila jambo, nadhani hata kabla ya kupiga chafya. Ng'ombe za Kirolirwe zimezidi kushuka huku, zinatutazama kama vile sisi njo wageni. Misioni wamepata kengele mupya. Wewe umekufa. Hiyo nadhani unayo tayari.

Sikuchukua kalamu kwa sababu ya kengele. Kuna jambo nimelificha miaka kumi, na juma lililopita nimelisema mbele ya watu. Wewe ulikuwa mwenyewe wa jambo, hukuwapo. Kwa hiyo ninakuandikia.

Unakumbuka vile tulianza. Mvi tulikuwa nazo, lakini katika kazi tulikuwa watoto, mwaka wa pili tu tangu Bwana Saa atutoe kwenye jembe na kutufanya makapita, wasimamizi wa kazi, wewe na kundi lako la wachumaji, mimi na langu. Kusoma tulijua kidogo, kile cha katekisimu: mimi kwa kidole, wewe kwa mudomo. Halafu Padri akatangaza kozi ya makapita pale misioni. Kuongoza watu, kupanga kazi, kuandika ripoti. Kila Jumamosi, miaka miwili, na mwisho wake breve, karatasi yenye muhuri. Bwana Saa akasema atakayeleta breve njo atakuwa kapita mukubwa wa shamba lote. Nafasi ilikuwa moja. Makapita tulikuwa wawili.

Tukamuendea pamoja kuomba ruhusa. Akatazama saa. "Moja anaenda, moja anabaki," akasema. "Mupange wenyewe."

Tukapanga. Jumamosi hii yangu, ijayo yako. Anayebaki anasimamia makundi yote mawili, anakimbia kati ya vilima viwili kama mbwa mwenye mabwana wawili. Anayekwenda anasikia kwa ajili ya wote, na kesho yake, baada ya misa, tunakaa kwenye lile jiwe chini ya kanisa na anamupa mwenzake somo lote. Padri alikubali. Alisema elimu ukiigawa haipungui. Hakutujua vizuri.

Vijana wa kozi, wenye kaptula za kupigwa pasi, waliniuliza siku ya kwanza, "Babu, umekuja kusoma ao kupakwa mafuta ya wagonjwa?" Niliwaambia nimekuja kuwazika. Wewe walikuuliza vilevile Jumamosi yako, nawe ukawaelezea kwa upole kama umekuja kusoma. Hapo njo tofauti yetu.

Kwenye jiwe ulikuwa mwalimu muzito. Ulinipa kila kitu, hata visivyoulizwa. "Hapa Padri alikohoa," unasema, unangoja niandike. Mimi nilikuwa mwalimu muzuri. Nilipamba. Somo la ripoti nilikupa na sauti ya Padri na mukono wa Padri, mupaka mama wanaotoka kanisani wakasimama kusikiliza.

Basi ile Jumamosi. Unajua ni ipi. Juma lililotangulia Padri alikuwa ametaja kichwa cha somo, nawe ulikiandika: namna ya kumurudi muntu anayechelewa kazini. Zamu ilikuwa yangu. Nikatoka asubuhi, nimevaa shati, kaye yangu ya kuandikia kwapani. Katikati ya njia kulikuwa harusi. Nikasema nitasalimia tu. Pombe yao, kasiksi, ilikuwa ya ndizi zilizoiva sawasawa, na mwenye harusi alikuwa muntu wa heshima, angeudhika. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa bado ninasalimia.

Kesho yake ukafungua kaye yako kwenye jiwe. Miguu yako ilikuwa imevimba, Bonifasi. Nililiona hilo. Ulikuwa umekimbia vilima viwili siku nzima ili mimi nisome. "Padri alisema nini?" ukauliza.

Ningesema nilikunywa. Ingekuwa neno moja tu. Badala yake nikakohoa kama Padri, nikaanza.

Nikasema: kapita hagombezi muntu mbele ya wengine. Anamutembelea kwake. Anakaa chini. Anakula chakula cha nyumba ile, hata kama ni kiazi kimoja. Anauliza habari ya watoto. Na wakati mikono yote miwili, yake na ya mwenye nyumba, ingali kwenye sahani moja, njo anasema lile neno.

Nililitoa kwa bibi yangu. Kwetu neno zito halisemwi kwa muntu aliyesimama, na aliyekula kwako huwezi kumukatalia neno. Wewe pia ulilijua hilo tangu mutoto. Lakini uliliandika polepole kama jambo lililotoka Ulaya, na ukauliza, "Kiazi tu, ao hata ugali?"

Nikasema, "Padri alitaja kiazi."

Nilicheka njia nzima mupaka nyumbani. Nilipanga kukuambia Jumatatu. Jumatatu ikawa Jumanne. Na Jumanne wewe ulikuwa umeshakwenda kula kwa muchumaji wako wa kwanza.

Kisha jambo likaharibika vibaya zaidi: likafaulu. Kundi lako likaanza kufika kabla ya umande kukauka. Mimi watu wangu niliwaandika kwenye kitabu na wakaendelea kuchelewa kwa utulivu. Wewe ulinenepa. Ulikuja kunishukuru, kaka, unakumbuka? Ulisema, "Somo lile tu limelipa kozi yote." Ningewezaje kukunyang'anya?

Mutihani ukafika, tukakaa wote wawili, kwa mara ya kwanza tuko darasani siku moja. Swali la ine: mufanyakazi wako amechelewa siku tatu mufululizo, utafanya nini? Mimi wakati ule nilikuwa nimekwisha kulisoma somo la kweli kwenye kaye ya kijana moja, kwa siri. Siku ya kwanza onyo. Siku ya pili jina kwenye kitabu. Siku ya tatu mupeleke kwa Bwana. Nikaandika hivyo. Nikakutazama. Ulikuwa unaandika ukurasa wa pili wa jibu hilohilo, mudomo unatembea.

Padri alisahihisha juma moja, halafu akatuita kurudisha karatasi. Ya kwako akaisoma kwa sauti. Hakuwa muntu mubaya, alidhani ni mchezo. "Nitakwenda kwake jioni. Nitakula kiazi." Vijana wakaanza. "Nitauliza kama mutoto amepona kikohozi." Wakapiga meza. Padri naye akafuta macho. Akauliza, "Bonifasi, nani alikufundisha haya?"

Hapo, ndugu yangu, ningeweza kusimama. Nilicheka. Nilicheka kupita vijana wote, ili muntu yeyote asinitazame.

Nawe ukasema, "Ni akili yangu mwenyewe, mompere."

Nikapata breve. Wewe ulikosa kwa alama za swali lile. Nikawa kapita mukubwa, nikapewa baisikeli na koti. Wewe ulibaki musimu moja, halafu ukasikia kule Omate, porini Walikale, wanatafuta makapita wa kuongoza wachimbaji wa madini, bila kuuliza breve, kwa mushahara mudogo. Ukafunga mizigo, ukamuchukua Agata wako. Na huku nyuma yako jina likabaki. Muntu akichelewa shambani, wanasema, "Mumuitie Bonifasi aje ale." Watoto wasiokuona hata siku moja wanalisema. Mimi pia nimelisema, nikiwa kapita mukubwa na kila muntu anangoja nichekeshe.

Miezi miwili iliyopita tukapata habari kama kifua kimekumaliza. Siku mbili sikutania muntu, jambo ambalo muke wangu alilifurahia. Halafu nikaomba ruhusa. Bwana Saa akatazama saa. Nikapanda lori mupaka Walikale, na kutoka hapo miguu siku mbili, kwenye musitu ambao jua linaingia kwa kuomba hodi. Nilifika wakati kilio kimekwisha na majani yameanza kuota kwenye kaburi lako. Watu wa kule ni wakristo kama sisi, ila wanakumbuka na mambo ya babu zao. Walinipitisha kwanza kwa muzee moja aniulize nimekuja na moyo gani. Nikamuambia ninao ule mumoja tu, ni wa zamani. Akaniruhusu.

Wachimbaji wako walikuja kuniona. Moja, muntu mwenye mikono kama majembe, akaniambia, "Papa, huyu kapita alikula kwangu mara tatu. Mara ya ine nikaanza kuamka mapema. Chakula kilikuwa kinaisha." Wakacheka wote. Hicho kicheko hakikuwa kile cha darasani. Nilikijua hapohapo, maana kile cha darasani ninakisikia bado.

Nikamuambia Agata. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Nikamuambia harusi, kasiksi, bibi yangu, mutihani, yote. Hakuacha kumenya.

"Shemeji," akasema, "alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Alijua ulimudanganya. Kila Jumatatu alikuwa anakwenda kwa yule Gasore wa ng'ombe za Kirolirwe, aliyesoma nanyi, kulinganisha masomo yako. Alisema wewe ni rafiki muzuri lakini si kitabu. Somo la kweli alikuwa nalo nyumbani, limeandikwa safi. Onyo, kitabu, Bwana."

Nikasema, basi kwa nini hakuliandika kwenye mutihani?

"Nilimuuliza mimi pia. Akasema, 'Waliniuliza nitafanya nini. Hawakuniuliza Padri alisema nini.'"

Bonifasi, miaka kumi nimebeba zambi, nimeipa chakula, nimeilaza kitandani mwangu, na kumbe wewe ulikuwa na nusu yake mufukoni na hukuniambia. Ulinishukuru kwa lile somo huku unajua. Nilikuwa nafikiri kati yetu mutani ni mimi.

Nilianza kupumua. Agata akaona. Akaweka kisu chini.

"Usipumue haraka," akasema. "Yeye hakukukasirikia. Mimi njo nimekukasirikia. Ndugu zangu wananiita nirudi Kibabi. Nitarudi wapi? Kwenye kilima ambako jina la bwana yangu wanalifanyia kicheko? Kuniambia mimi huku porini ni kazi rahisi, shemeji. Kawaambie kule walikocheka."

Njo hivyo. Siku mbili za miguu, lori, nyumbani. Na nikakuta Padri ameniita. Kozi ina vijana wapya, anataka muanafunzi wa zamani awasimulie faida ya kusoma huku unafanya kazi. Alinichagua mimi, mufano bora. Nimebakiza miezi michache kabla ya kupumuzika. Ningesimulia habari ya baisikeli na koti, nikarudi kunywa chai.

Jumamosi ya juma lililopita nikasimama pale mbele. Darasa ni lilelile, meza zilezile. Padri amekaa pembeni, amezeeka kunipita, jambo ambalo lilinitia nguvu. Nikawauliza vijana, "Nani anamujua Bonifasi wa kiazi?" Wakacheka wote. Nikawaacha wacheke mupaka waishe. Halafu nikawaambia. Sikupamba. Hata sauti ya Padri sikuitoa, na unajua ile ninaitoa vizuri.

Walipoelewa wakaanza kunicheka mimi. Nikasimama nikachekwa. Si vibaya sana kama unavyodhani, pale mbele iko upepo wa dirisha.

Kijana moja akainua mukono. "Muzee, sasa somo lipi linafaa kazini? Lile la kitabu ao lile la Bonifasi?"

Nikasema, "Mimi nimekuwa kapita mukubwa miaka kumi kwa lile la kitabu, na watu wangu wanachelewa mupaka leo." Kijana akamutazama Padri. Padri akatazama dirisha.

Baadaye akaniita nje. "Anselmi, nitalazimika kumuandikia Bwana wako," akasema.

"Andika, mompere."

"Na breve ile utairudisha."

Nilikuwa nayo mufukoni, nilitoka nayo nyumbani. Nikamupa. Akaishika muda mrefu bila kuikunja. Akauliza wewe umezikwa wapi, na kama kuna padri anayepita kule. Nikamuambia anapita mara moja kwa mwaka. Akasema atakwenda mwenyewe barabara ikikauka. Sikumuamini sana, ana magoti kama yangu, lakini nilimuambia karibu.

Bwana Saa bado hajaniita. Akiniita, atatazama saa, na mimi nitamuambia wakati umefika.

Juzi nilipita kisimani. Muchumaji moja alikuwa amechelewa, na mwenzake akafungua mudomo kusema lile la Bonifasi aje ale. Aliponiona akaufunga. Si kitu kikubwa. Ila ni mara ya kwanza.

Sasa wanatoka kanisani, ninasikia kengele, na tumbo langu lazima liwe linauma muke wangu akifika. Nimalize. Mvua ikipungua nitarudi Omate kumuchukua Agata, mimi mwenyewe, na kama atakataa nitakaa huko mupaka achoke kuniona. Nyumba yenu ya zamani hapa Kibabi nimeshaanza kuiezeka majani mapya, upande wa mulima umebaki. Hiyo ni ahadi, na hii sikuitunga kwenye jiwe.

Lala salama, kaka. Nami sichelewi sana. Siku nikifika huko na hesabu zangu zikisomwa, usinicheke mbele ya watu. Ngoja tuwe wawili.

Ni mimi,
Anselmi, asiye na breve