Kiti cha Mheshimiwa Asiyekuja

Jumanne, 4 Machi

Wabunge wa Washington wamekesha tena. Nimewatazama kwenye televisheni mpaka kahawa ikapoa. Wanaume wazima, tai shingoni, wanapigiana makofi kama watoto waliojifunza kunawa mikono. Wamekata bima ya afya ya wasiojiweza — eti wanaita "kupogoa." Kupogoa! Mimi nimepogoa miti. Ukipogoa unaondoa tawi. Hukati shina halafu ukapiga picha umekumbatia msumeno.

Na katikati ya picha nani? Mbunge wetu, Mheshimiwa Trent Hallbeck, meno yote nje. Anasema amewaokoa walipa kodi wa Kansas. Mlipa kodi mmojawapo ni mimi, Delbert Strunk. Najipapasa mwili mzima, sioni palipookolewa.

Siasa naijua. Nimeendesha lori miaka thelathini, kila jimbo linalofikika kwa barabara. Nimekula mayai meza moja na maprofesa na majambazi, na mara mbili sikujua nani ni nani. Shule niliiacha darasa la kumi, lakini nipe seneta yeyote dakika kumi, ataomba maji. Tatizo ni mji wenyewe. Hapa Weller sisi watu wa Punda, yaani chama cha Democrat, tunaenea kwenye gari moja dogo. Waliobaki wote ni wa Tembo, Republican, pamoja na mbwa wao.

Wa kwanza wao ni shemeji yangu Gaylen Voth, mume wa dada yangu Bobbie. Uchaguzi umepita tangu Novemba, na bango la Hallbeck bado limesimama shambani kwake, kubwa kama godoro la watu wawili. Nikamwambia, shemeji, ling'oe, mmeshashinda. Akasema linazuia upepo.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali ya kaunti imetangaza. Wodi ya kusafisha damu inafungwa mwisho wa Mei. Bima imekatwa, fedha hazitoshi, poleni sana, kwaherini.

Figo za Bobbie zilikufa mwaka juzi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa yuko kwenye mashine, yeye na wenzake sita. Jirani yake wa mashine ni mzee Odell Renner, ambaye humwibia kwenye karata huku damu yake mwenyewe iko nje ya mwili. Wakimaliza, Bobbie anakuja kwangu, mtaa wa pili. Analala kwenye kiti changu kikubwa cha ngozi, kile kinachonyanyua miguu, mpaka nguvu zirudi. Ndipo Gaylen anamchukua kwenda shambani.

Mashine ya karibu sasa itakuwa Wichita. Maili tisini. Kwenda tu.

Bobbie akacheka! "Del, hatimaye na mimi nitaiona dunia kama wewe." Nikacheka naye. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Gaylen alipofika nilimrukia. Nikamwambia, haya, mtu wako huyo! Akasema si Hallbeck, ni uongozi wa hospitali, wanakula. Nani anakula? Yule muuguzi mwenye viatu vilivyopasuka? Akasema Hallbeck ni mtu wa kanisa. Nikasema hata panya wako kanisani.

Bobbie, macho yamefumbwa: "Mkitaka kupigana nendeni nje. Mnanitikisia kiti."

Jumapili, 9 Machi

Ijumaa nilipiga simu ofisi ya mbunge. Binti mmoja, sauti tamu kama asali ya dukani. "Maoni yako yamepokelewa, bwana." Nikamwambia sijatoa maoni, nimeuliza swali: Mheshimiwa anakuja lini Weller? "Mheshimiwa anawajali sana wananchi wake." Anatujali akiwa wapi? "Maoni yako yamepokelewa." Maskini binti wa watu. Nilimtakia siku njema, naye akanitakia, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya serikali iliyofanya kazi wiki hii.

Leo amekuja Marjean Tibbets, mwalimu mstaafu, kamanda wa watu wa Punda hapa — anasahihisha mpaka salamu. Ana mpango. Tumwalike Hallbeck Jumamosi, ukumbi wa maveterani. Hatakuja, tunajua. Basi tunaweka kiti kitupu jukwaani na kukiuliza kiti maswali. Nchi nzima wanafanya hivyo, anasema.

Unajua alitaka kuleta kiti gani? Cha kukunja! Nikasema mama, mbunge anakula mshahara mnono, hawezi kutokuja kwenye kiti cha bati. Nikajitolea changu. Kaunti nzima hakuna kiti kama kile.

Bobbie kanipigia. "Umempa Hallbeck kiti changu?"

Chako?

"Wewe umekikalia lini mara ya mwisho?"

Nilifikiri. Nikabadilisha mazungumzo. Ni siku moja tu, nikamwambia, na mtu asiyekuja haangushi hata unywele.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Ukumbi ulijaa! Mchuzi wa maharage uliisha, mikate ya mdalasini ikagombaniwa. Watu wa Tembo nao walikuja — walikaa nyuma na kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kama hatuwajui tangu utotoni.

Kiti kiko jukwaani. Nimekivalisha koti langu la mazishi, tai nyekundu, glasi ya maji mkononi — yaani kwenye mkono wa kiti. Marjean na saa yake: kila mtu dakika mbili.

Mkulima mmoja aliuliza habari za ushuru wa mtama. Kiti kimya. Mkulima akasema, "Mheshimiwa, hili ndilo jibu lako la wazi kuliko yote." Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama mmoja akauliza kama kiti kimeshawahi kusoma sheria kiliyoipigia kura. Mimi nilipanda na kukikaribisha maji, kikakataa, nikasema ndiyo kura yake ya kwanza ya kukataa tangu chama chake kishike hatamu. Walipiga makofi mpaka nikainama mara tatu. Niseme ukweli, nilikuwa mzuri sana.

Halafu mlango ukafunguka. Gaylen. Na kofia yake ya Hallbeck kichwani.

Nikasema moyoni, huyu kaja kutuvurugia. Nikaweka tayari mzaha mkali, ule wa godoro.

Akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika nyoka. Hakutazama watu. Alikitazama kiti. Akavua kofia.

"Mheshimiwa, mimi Gaylen Voth. Tulishikana mikono kwenye karamu ya samaki ya kanisa, mimi ndiye niliyekuwa nakaanga. Nimekupigia kura mara nne. Mke wangu anasafishwa damu. Wodi inafungwa. Mimi jicho la kushoto halioni vizuri baada ya jua kuzama. Nataka kuuliza: Februari, barabara ikiwa barafu, nani atampeleka?"

Akanyamaza. Nikadhani amemaliza. Kumbe anasubiri jibu.

Alisubiri kweli! Kofia mikononi, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu mwenye adabu anayemngoja mkubwa afikirie. Hakuna aliyecheka. Glasi ya maji ile. Tai ile. Nilitaka kupanda nikaing'oe. Marjean alikuwa na saa mkononi na hakusema muda umekwisha.

Mwisho Gaylen akasema, "Ahsante, Mheshimiwa," akatoka.

Mzaha wa godoro ninao bado. Umechacha.

Jumapili, 16 Machi

Kuna mtu alipiga video. Imezunguka nchi nzima kabla watu hawajatoka ibadani. Watu wa Boston wanalia, watu wa Oregon wanalia. Mimi nimeonekana kiwiko tu! Kiti changu sasa ni maarufu kuliko mimi.

Gaylen kapigiwa simu na watu aliosoma nao. Wanamwita msaliti. Nimepita shambani kwake: bango liko palepale. Nikamwuliza kwa nini. "Ardhi imeganda, Del. Na sikusema namchukia. Nilimwuliza swali."

Jumatano, 19 Machi

Kiti kimerudi sebuleni. Bobbie kalala. Gaylen kaja mapema, hataki kahawa, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

Ofisi ya Hallbeck imempigia. Si yule binti wa asali — mwanamume. Mheshimiwa ameguswa sana. Ana rafiki, tajiri wa mafuta, atamnunulia Bobbie mashine ya nyumbani, pamoja na muuguzi wa kuwafundisha. Jumamosi Mheshimiwa mwenyewe atakuja shambani, na kamera.

Nikasema Mungu mkubwa! Sasa mbona umenuna?

Akatoa karatasi mfukoni. Maneno ya kusema mbele ya kamera wameshamwandikia. Nikasoma. "Nilipotoshwa na shemeji yangu, mtu wa siasa kali, aliyeutumia ugonjwa wa mke wangu."

Mtu wa siasa kali! Mimi, ambaye nalia kwenye sherehe za shule! Nikaisoma tena. Sitaficha, mara ya pili nilivimba kichwa kidogo — Washington wananijua.

"Sitaki kukuchafua jina," Gaylen akasema, "lakini ni mke wangu."

Nikamwambia nichafue. Nichafue vizuri! Sema nilikulewesha. Sema kofia nilikuvua mimi. Jina langu limelala chini ya lori kwenye theluji ya Wyoming, halitakufa kwa Hallbeck. Tukaanza mazoezi, yeye anasema, mimi namsahihisha: usiseme "shemeji yangu" kwa upole hivyo, nung'unika, kunja uso! Akashindwa. Kila akifika "siasa kali" anacheka, na akicheka macho yanamjaa machozi.

"Na Odell je?"

Bobbie. Macho wazi. Sijui amesikia tangu wapi.

Gaylen akasema ofisi haikutaja Odell.

"Na wale watano wengine?"

Bobbie akasema hatakuwa mgonjwa pekee wa Weller aliyepona kwa sababu mumewe anajua kukaanga samaki. Gaylen akapandisha sauti — sijawahi kumsikia akimpandishia sauti. Akamwambia hana jicho la kuendesha usiku, hana fedha za kuhamia Wichita, hana mke mwingine. Bobbie akamshika mkono wa shati.

Kisha akaniambia: "Del, Jumamosi nileteeni kiti changu shambani."

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa jikoni kwa Gaylen. Nimekatazwa kutoka, mimi ndiye mtu mbaya wa filamu. Kiti nimekileta kwa gari, nimekiweka uwanjani mbele ya bango. Bobbie amekaa, blanketi magotini, miguu juu kama malkia. Gaylen amesimama kando yake na karatasi. Nimemwuliza, utasema? Akasema hajui. Nilimwambia nitampenda vyovyote, kisha nikamwambia afunge vifungo vya koti.

Saa tano. Gari linakuja. Si la mbunge — ni la mzee Odell! Anashuka na kiti cha kukunja. Nyuma yake gari jingine. Wote sita! Hawa Bobbie amewaita lini? Wanapanga viti kando yake, mstari mmoja. Odell kaleta karata.

Sasa ndiyo yeye. Magari mawili meusi. Hallbeck anashuka — mfupi kuliko bango lake. Mkono kwa Gaylen, mkono kwa Bobbie. Kijana wake anawaomba wagonjwa wasogee nje ya picha. Odell anagawa karata. Kijana anaomba tena. Wagonjwa nao wanaomba karata ya joker.

Hallbeck anatafuta pa kukaa karibu na Bobbie. Anageuka huku, anageuka kule. Wagonjwa wote wamekaa, Mheshimiwa wima. Anamwangalia Gaylen kama anayetaka aletewe kitu.

Hapa jikoni viti viko vinne. Sisogei.

Kamera imewaka taa. Gaylen amevua kofia. Karatasi hajaikunjua. Bobbie amemshika mkono wa shati, palepale alipomshika Jumatano. Mdomo wa Gaylen unafunguka.

Nafungua dirisha nisikie.