Taa ya Senene

Tata,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule. Kwa Kihaya ningeanza kwa kukuamkia kama binti anavyomwamkia baba yake, ningelainika, na leo sitaki kulainika.

Senene wameanza kushuka tena hapa Bukoba, na taa ya uani imekufa tena. Jana jioni balozi wetu wa nyumba kumi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwomba Mama bisibisi yako. "Kijana wa chumba cha nyuma atapanda mara moja tu. Msimu usitupite."

Mara moja tu. Ndivyo alivyokuambia na wewe.

Msimu ule nyumba ilikuwa imetaifishwa, taa ikafa, ofisi ya nyumba ikasema tungojee fundi wake. Tukangoja. Mvua zikaja, senene wakawa wanaangukia taa za majirani, na wapangaji wenzetu wakaanza kukubembeleza: "Waitu, karani, wewe ndiye fundi wetu!" Balozi akatia na siasa: "Tusisubiri ofisi, ndugu. Kujitegemea ndiko huku." Na wewe ukacheka kile kicheko chako cha kusifiwa. Hapo ndipo ninapokukasirikia, Tata. Ulikuwa karani wa ghala la kahawa! Umeme uliujua kwa kutazama watu wengine.

Ulizima swichi kuu ukumbini, ukatangaza uani, "Asiiguse mtu!" kana kwamba nyumba nzima ilikuwa uani. Ukavua viatu usichafue kiti cha chuma cha jirani, ukapanda. Adabu yako hiyo. Chini kulikuwa na maji ya mvua. Yule mpangaji wa chumba cha mbele akarudi kutoka kazini, akakuta redio yake haisemi, akanyoosha mkono kwenye swichi bila kuuliza.

Taa ikawaka. Ulikuwa umeshaitengeneza, Tata. Iliwaka, na wewe ukaanguka.

Tulikuzika Kagoma, kibanjani kwa Babu, katikati ya migomba yake. Nyasi za kukalia msibani zilikuwa bado sakafuni, na huku mjini watu walikuwa wanazoa senene chini ya taa ile ile. Tuliporudi, yule mpangaji alimletea Mama sahani ya senene, wamekaangwa vizuri na kitunguu. "Poleni. Mapenzi ya Mungu." Mama akasema asante. Asante! Sahani ilikaa mezani mpaka wakanuka, nikawamwaga mimi. Na balozi, aliyekuita fundi, nilimsikia matangani kwa masikio yangu: "Marehemu hakutumwa na mtu."

Wewe ulikuwa unanipa wachache kutoka sahani yako Mama akigeuka, kwa sababu wasichana hawali senene. "Kula, mwanangu. Mwiko huu haumo kwenye katekisimu." Sijaonja tena.

Sasa sikia ya jana. Unanijua, nikiitwa kusoma darasani nasikika dawati la kwanza tu. Mama alikwisha inuka kuitafuta bisibisi. Nikaikalia. Kweli, nilikaa juu ya mfuko wako wa vifaa kama kuku anayeatamia. Balozi akacheka. "Binti, inuka. Taa ni ya wote."

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Kama taa ni ya wote, mbona kifo kilikuwa chetu peke yetu?"

Mama akashika mdomo. Balozi akavaa kofia yake. "Shule imemharibu huyu," akasema, akaenda zake. Lakini kijana wa watu hakupanda.

Leo nimekwenda ofisini kwa wenye nyumba. Wamesema fundi atakuja. Nimesema nitarudi kesho kuuliza. Nitarudi na keshokutwa, na kijisauti changu hiki hiki, mpaka wachoke wao.

Uani ni giza. Wapangaji wamekwenda na madebe yao kwenye taa za misheni. Wakipita mlangoni kwetu hawanisalimu. Wasinisalimu.

Lala, Tata. Bisibisi iko chini ya godoro langu na hakuna atakayeipata. Siku fundi mwenyewe akija, na mtu akisimama kuilinda swichi mpaka ashuke salama, nitakuja Kagoma niifukie miguuni pako, kwenye miguu ile uliyoivua viatu.

Ni mimi binti yako, hasira haijaniisha,

Koku