Nyayo za Rais wa Ngoma

Jumatatu, 3 Julai 1950
Nimefagia ua tena. Mke wangu, Mama Kabula, anacheka: mwanamume aliyefika vitani Burma anashika ufagio. Sikumwambia sababu. Jana nilimkuta Masanja, msaidizi wangu wa ngoma, amechutama juu ya unyayo wangu na kamba mkononi. Mchanga wa unyayo ukifika kwa mganga mbaya, mguu unanyauka. Mimi ndiye manju hapa Geita, kiongozi wa ngoma tangu nirudi vitani. Mguu kama wangu hakuna hadi Shinyanga. Jumapili mashindano. Anataka nafasi yangu. Goti la kulia linasumbua, ila hilo nalijua peke yangu.

Jumanne, 4 Julai
Petro katekista kanisomea kitabu chake cha Kiingereza. Rais wa nchi fulani Amerika ya Kati, karne iliyopita. Jina linavunja ulimi. Alichunga nguruwe, shule hana, akawa rais wa maisha. Mapadri aliwapenda, mambo mapya hakuyataka. Kama mimi kabisa! Ila nilichunga ng'ombe, na darasa la pili nimelikanyaga. Hakumwamini mtu. Akili hiyo.

Jumatano, 5 Julai
Masanja alikuwa na wachezaji. Nilipofika, wakatawanyika. Shikamoo yake ndefu kama ya msibani. Anataka filimbi kwenye ngoma. Nimekataa.

Ijumaa, 7 Julai
Natembea juu ya mawe tu. Goti limevimba. Ushahidi huo. Nimemuuliza Petro rais aliishaje. Alifia kitini, mrithi kashamchagua mwenyewe. Sikupenda.

Jumamosi, 8 Julai
Nimemkaba Masanja sokoni. Nimetukana mpaka babu zake.
"Unyayo wangu umempelekea nani?"
"Fundi viatu, Baba Kabula."
Akafungua gunia. Katambuga mpya za tairi la lori, ya kulia soli nene zaidi. Alipima nyayo aone ninavyoegemea. Wachezaji wote wamechangia. Wote wanajua goti.
"Ulificha kuchechemea kwa maringo, mzee. Tukaogopa kukwambia."
Watu walicheka. Nami nilicheka, baadaye. Aibu imenikaa shingoni. Nimemwomba radhi, pamoja na babu zake.

Jumapili, 9 Julai
Nimemtanguliza Masanja uwanjani, na filimbi yake. Nimemchagua mwenyewe, mbele ya watu. Filimbi si mbaya. Sikumwambia.
Nimerudi kwa miguu. Katambuga hazibani. Ua haujafagiwa. Nyayo zangu zimejaa mpaka mlangoni, ya kulia imezama sawa na ya kushoto.