Kindi Wetu Hakutoka

Sumbawanga,
Jumapili ya kwanza ya Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeazimia kukueleza yote, hata yanayonitia aibu, kwa hiyo usiisome barua hii harakaharaka huko Kabwe, kati ya mteja mmoja wa dagaa na mwingine.

Unakumbuka siku uliyonichukua kurina asali kwenye ule ukanda wa miti unaounganisha msitu wa juu na wa bondeni? Uligonga shina kwa mpini wa shoka, ukatega sikio usikie nyuki. Hakukuwa na mvumo. Badala yake kichwa kidogo kilichungulia kutoka kwenye tundu la shina, kikatutazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa na wageni. Kisha yule kindi akajirusha, ngozi ya ubavuni ikatanuka kama kanga iliyoanikwa, akateleza hewani hadi mti wa mbali. Nilipiga kelele. Ukasema, "Nyamaza wewe, nyuki wote wa Ufipa watajua tumekuja!"

Sasa watu wa kitongoji wanataka kuufyeka ukanda ule walime ulezi. Klabu yetu ya mazingira inachora ramani ya mahali wanapoishi kindi hawa. Mwalimu anasema ardhini hawajiwezi; miti ile ikiondoka, wa juu na wa bondeni hawatakutana tena.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka kuwa na hakika, nikawa nagonga mti ule ule kila nitokapo shule. Kindi alichungulia, nami niliandika daftarini kwa furaha. Alhamisi mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wazee wawili waone wenyewe. Niligonga. Kimya. Niligonga tena, mpaka kiganja kikauma.

"Binti," mwenyekiti akasema, "kindi wako ameshavuka mpaka wa Kasesya bila pasipoti!"

Walicheka sana. Mzee mmoja tu hakucheka. Aliniambia, "Na wewe ungegongewa mlango kila siku, ungehama."

Sikulia, Mjomba. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia ukweli. Tumekubaliana hakuna kugonga tena. Tunakaa mbali jua linapozama, tunatazama juu, na mchana tunatafuta magome yaliyotafunwa. Lakini kazi hiyo ni ya polepole, na mkutano wa kitongoji utakaoamua ni mwisho wa mwezi huu. Mwenyekiti amesema atasikiliza akiletewa mtu mzima aliyewaona kwa macho yake.

Mtu huyo ni wewe peke yako. Umewaona kwenye miti ambayo mimi sijaifikia, hata ng'ambo ya kijito. Ningeweza kuweka alama kwenye ramani kwa kukumbuka maneno yako, na kwa kweli niliweka moja. Mwalimu akauliza, "Nani aliyeona?" Nikaifuta.

Najua kwa nini umenyamaza. Ulikuwa unarina bila kibali, na ukisema ulipowaona utakuwa umejitaja. Mama ananiambia nikuache na biashara yako. Nimejaribu, nimeshindwa. Ukija, nitasimama kando yako nikiwa na daftari langu, na kosa langu nitalisema kwanza mbele ya wote, ili usiwe peke yako.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi huku Jumatano. Mpe jibu lako: je, utakuja kusema uliwaona wapi, na ulikuwa unafanya nini huko?

Akupendaye na kukungoja,
Mpwa wako