Papa, Rafiki Yako Hakukulisha Sumu

Papa,

Jana nilienda Keshero kwa Muzee Bahati, rafiki yako. Mimi mwanao mwenye kiburi, nilipiga magoti mlangoni pake nikamwambia hukulishwa sumu.

Ulianza kwa kushiba baada ya matonge mawili ya bugali. Nikakutania kwamba umeanza maringo uzeeni. Kisha mkanda ukalegea, nikautoboa tundu kwa msumari wa moto, halafu la pili, halafu la tatu, na akili yangu haikushtuka. Uliponong'ona kuwa choo chako ni cheusi kama masizi, niliona haya kuzungumza mambo hayo na baba. Nikakununulia dawa ya vidonda vya tumbo, basi.

Ulipoanza kutapika, ukoo mzima ukasema ni sumu. Hapa kwetu anayekunywa nawe ndiye wa kwanza kushukiwa, na Muzee Bahati alikuwa akikumiminia pombe ya ndizi tangu ujana wenu. Kila mara alionja yeye kwanza mbele yako, kama desturi inavyotaka. Niliyaona kwa macho yangu, bado nikamtaja yeye.

Nikakupeleka Kibati kwa mganga wa kutapisha. Miezi miwili, Papa, tunamtapisha mtu ambaye tumbo lake lilikuwa halishiki kitu. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo.

Mwishowe nikakupeleka hospitali. Daktari alikupima, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia taratibu: "Mama, hii ni kansa ya tumbo. Kukonda, kushiba mbio, choo cheusi, ile yote ilikuwa alama. Mungekuja mapema, tungejaribu kitu." Majuto ni mjukuu, ulikuwa ukisema. Huyo mjukuu sasa nimembeba mimi.

Kuna jambo hukulijua. Kila Jumapili uliniuliza Bahati yuko wapi, nikakujibu amesafiri Kalengera. Hakusafiri. Alikuwa anasimama kwenye mlango wa lupango letu, asiingie uani, mimi namfukuza. Hata siku ya mazishi, ukweli nikiwa nao tayari, kiburi kilinizuia kumwita; alibaki ng'ambo ya barabara, kofia mkononi.

Jana hakunitukana. Aliniuliza tu: "Alikuwa ananiulizaka?"

Nikamwambia, kila Jumapili, Muzee. Akageukia ukuta akalia.

Lala salama, Papa. Wa nyumbani mwetu akianza kuacha chakula kwenye sahani, nitamuuliza hata habari za chooni, na nitampeleka hospitali kabla ya kumtafuta mwenye kosa. Na Jumapili hii nitarudi kwa Muzee Bahati. Akinimiminia, nitakunywa bila kungoja aonje kwanza.

Binti yako,
Furaha