Mshono wa Mia Tatu

Alhamisi, 1 Juni

Na sikupanda! Basi, limetoka. Tangu juzi limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nakuambia wewe simu, maana wewe unaandika tu, hunitazami usoni. Wifi yangu Lorraine ndiye alinifundisha: bonyeza hapa, sema, inaandika yenyewe. Bonyeza pale, inakusomea. Vizuri. Mie shule niliiacha darasa la sita nikaenda kushona magauni kiwandani, kusoma kwangu ni kwa kubabaisha. Lorraine mwenyewe asijue tu ninachokisema humu.

Jumanne ilikuwa siku yetu. Chama chetu cha wapenda rola kosta, zile treni za bustani ya michezo zinazopanda milima ya chuma na kuporomoka, tuliruhusiwa kuingia kabla ya umma, tuujaribu huu mpya, Mfalme wa Makaa. Futi mia tatu na kumi! Mweusi tii kama migodi ya bondeni kwetu. Pennsylvania nzima haina habari nyingine. Na upepo siku ile — loo! Kofia ya Duane iliruka mara mbili. Duane ndiye mwenyekiti wetu, ana kofia imeandikwa mwenyekiti, haivui hata mezani. Treni ya kwanza wakajaa wao wote. Mie nikasema nasubiri ya pili, nikae siti ya mwisho. Ndiyo kawaida yangu. Kila mtu anajua, Verna Hudak ni mtu wa nyuma. Treni ya pili ilikuwa na wageni watupu, chama cha Ohio, hawanijui siwajui.

Nikakaa. Binti wa kituoni akanishushia kile chuma cha mapajani. Nikatazama juu.

Mama yangu. Ule mlima wa kwanza hauna mwisho, unaingia mawinguni. Nikaogopa. Mie! Nimeanza kupanda nina miaka kumi na miwili, leo nina sabini na saba! Nikamwambia yule binti, nitoe. Wala hakucheka. Akasema hamna shida mama, pita upande huu.

Upande ule kuna mlango, na ngazi za kushukia. Wanaoshindwa dakika ya mwisho hupitia hapo. Sisi tunauita mlango wa kunguru. Nimewazomea wangapi pale? "Kwaa! Kwaa!" Kwa mdomo huu huu. Mwaka fulani padri mmoja alipita pale, hata yeye nikamlilia kwaa.

Na hili ndilo baya zaidi. Sikushuka moja kwa moja. Nilijibanza kwenye kona ya ngazi nikangoja. Treni yangu ikaenda, ikarudi, watu wa Ohio wakaanza kushuka wanacheka na nywele zimesimama. Nikajichanganya nao. Nywele zangu upepo ulishazisimamisha bure.

Chini wananingoja wote. Maana kwetu hakuna anayetoa maoni kabla ya mkubwa. Marehemu mume wangu Emil ndiye alianzisha. Alikuwa mkaguzi wa reli ya rola letu la zamani, lile la mbao, kila asubuhi analitembea lote na nyundo yake, gonga, sikiliza, gonga, sikiliza. Akisema laini, ni laini. Alipokufa wakanirithisha mie. Duane akapaza sauti, kimya jamani, bibi anatoa hukumu!

Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Nikasema: "Laini kama siagi. Kaeni nyuma."

Wakapiga makofi.


Ijumaa, 2 Juni

Nimeshona.

Kizibao changu cha jinzi, ndani kwenye bitana. Kila rola nililopanda nimelitia mshono mmoja wa uzi mwekundu. Wengine huandika kwenye daftari, mie nashona. Mia mbili tisini na tisa. Mfalme wa Makaa ni wa mia tatu. Duane ameshanipigia, anasema Jumamosi ya ufunguzi kutakuwa na keki, na nije na kizibao watu wauone huo mshono.

Mkono ulikwenda wenyewe. Mshono mzuri, hata umenyooka kuliko ile mingine. Uongo una mkono mwepesi.


Jumapili, 4 Juni

Baada ya kanisa tulibaki ukumbini kufinya pierogi, vile vimfuko vya unga vya viazi vinavyochemshwa. Dazeni mia na themanini. Vidole vimevimba. Kule Slovakia bibi yangu alikuwa akisema ukifinya ukiwa na dhambi, pierogi inafunguka majini. Za kwangu zilifunguka saba. Wanawake wakasema unga mwepesi leo.

Kisha kwa Duane, barazani, kikao cha chama. Lo, maoni! Huyu anasema unaelea kitini mara tisa, yule anasema mara kumi na moja, wamekaribia kushikana mashati. Mmoja analalamika breki ya katikati inaua utamu. Mwingine anasema ni fupi, pesa ya mlima wote ule halafu dakika mbili basi. Lakini kila mtu akifika kwenye ulaini, anasema "kama alivyosema bibi". Siagi. Siagi. Nimelisikia hilo neno mpaka sasa mkate naula mkavu.

Ndipo Wendell. Wendell ni fundi bomba, mtu mpole, maneno yake kwa mwezi unayahesabu kwa vidole. Akasema, mie nilikaa nyuma. Kuanzia mlima wa pili inatikisa. Meno yaligongana. Ni kama mashine ya kufulia mtu amesahau kiatu ndani.

Halafu wakamshukia!

"Wendell, hayo meno yako au ya dukani?"

"Kiatu kiko kichwani mwako, bwana!"

Duane akasema, Wendell, unambishia mtu mwenye mishono mia tatu? Wewe una mingapi? Arobaini? Akanigeukia. Bibi, hebu mwambie.

Wendell akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anauliza saa.

Nikasema, "Labda ulikaa vibaya, mwanangu."

Labda ulikaa vibaya! Mie ambaye sikukaa kabisa. Walicheka mpaka mbwa wa Duane akabweka. Wendell akatazama viatu vyake, akala kabichi yake, akaondoka kabla ya kahawa.


Jumanne, 6 Juni

Lorraine amekuja asubuhi, nimemkuta mlangoni ananing'inia kwenye kengele. Huyu ni dada yake Emil, wifi yangu wa miaka hamsini na mitatu, na ndiye mtu wa kwanza niliyepanda naye rola kabla hata sijamjua Emil. Yeye ndiye alinipeleka kwa kaka yake, sio kinyume. Anapenda kunikumbusha, "nilikupa rola, nikakupa na mume, unanidai nini tena?"

Miaka miwili sasa hapandi. Alivunjika shingo kwenye barafu, wakamtia vyuma viwili. Siku zote tukienda yeye anabaki kwenye benchi, anashika mikoba. "Mie sasa ni kitundikio cha mikoba," anasema. Anacheka, lakini namjua.

Leo alikuwa anacheza jikoni. Na ile shingo yake asiyoweza kuigeuza, anageuka mwili mzima kama bundi aliyekasirika. Eti daktari amekubali! Amemwambia, ukipata moja laini kabisa, isiyotikisa hata chembe, panda mara moja utoe kiu. Ikitikisa, vyuma vitacheza, na hapo usinilaumu.

"Nikamwambia daktari, sikia, wifi yangu si mtu wa kubahatisha. Amesema siagi!"

Nikasema, Lorraine, kila mtu na mwili wake.

"Acha hizo! Jumamosi, mie na wewe, siti ya nyuma kabisa. Wa mia tatu wako na wa kwanza wangu tangu nifufuke."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimefungua. Ila akanishika mikono yote miwili akasema, "Wengine wananionea huruma wananidanganya. Wewe peke yako hujawahi."

Nikamkatia keki. Hiyo ndiyo kweli niliyompa. Keki ya mbegu za mpopi, zile ndogo nyeusi.

Wazee husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waongo hao. Kwangu mie mwoga kicheko sijakisikia hata cha kuazima.


Jumatano, 7 Juni

Nimepata njia. Wendell! Yeye alikaa nyuma, anajua inatikisa. Jumamosi nitamwambia Lorraine, msikilize Wendell kwanza. Atasema yeye, mie nitaitikia kwa kichwa tu, niseme labda masikio yangu yamezeeka. Hakuna atakayejua la ngazini.

Unaona nilivyo? Nimejipongeza kwa hilo mpaka mchana. Nikala.


Alhamisi, 8 Juni

Wendell amekuja mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo kwenye kamba. Amesimama pale penye uzio na boksi la birika jipya la maji ya moto analopeleka kwa jirani, akaliweka chini, akavua kofia.

"Bibi Verna, nimekuja kuomba radhi."

Radhi! Mie nimeshika shuka.

Akasema alirudi Jumatatu, siku majirani wa bustani walipoachiwa kujaribu, akakaa tena nyuma. Akasema amegundua kosa ni lake. Ni laini kweli. Siagi, akasema. Ameshamwambia na Duane, na kwenye ukurasa wa chama ameandika wote wasome.

Nikamuuliza, Wendell, ni laini kweli?

Alitazama pembeni. Mtu asiyejua kudanganya ukimfundisha siku moja hawezi. Masikio yalimwiva.

"Ndiyo, bibi."

"Hata mlima wa pili?"

"Bibi, mie sina watu wengine," akasema. "Tangu mama afe. Ni nyinyi tu, na Jumapili. Kama bibi umesema laini, ni laini."

Akaokota boksi lake akaenda. Nimeshika lile shuka mpaka limekaukia mkononi.

Alikuwa mmoja tu mwenye kweli katika chama kizima, na nimemnyang'anya. Nimemfanya kama mie. Emil angenitazama vipi? Nakumbuka mwaka ule alisimamisha rola la mbao siku ya sikukuu ya Julai, foleni inafika mpaka kwenye kibanda cha chipsi, meneja anampigia kelele, yeye anasema msumari mmoja hapo juu haulii sawasawa. Msumari mmoja. Wakaenda wakatazama. Waliukuta umelegea, si sana, ungeweza kungoja hadi jioni. Meneja akamtukana. Emil akasema, "Ungeweza kungoja. Mie nisingeweza."


Ijumaa, 9 Juni

Nimefumua mshono. Kwa kiwembe, taratibu. Uzi umetoka lakini kitambaa kimebaki na matundu mawili, na hayafichiki. Jinzi haisahau.

Nimempigia Lorraine mara tatu. Ya kwanza yuko saluni. Ya pili bado yuko saluni! Ya tatu nikasema wifi, nina neno. Akasema niambie kesho, leo nimeweka vibano kichwani sisikii kitu, na unajua nimenunua nini? Soksi nyekundu. Za kupandia.

Ningekwenda kwake kwa miguu. Ni nyumba nne tu. Nilivaa viatu. Nikavivua.


Jumamosi, 10 Juni

Niko kwenye benchi. Benchi la mikoba, la Lorraine. Mikoba yote ya chama iko mapajani mwangu na wewe simu umejificha kati yake, nakunong'oneza.

Nimesema naumwa na tumbo, nipumzike kidogo. Si uongo huo.

Keki ipo, imeandikwa namba kubwa, hiyo naisoma: 300. Duane amehutubia. Amesema katika chama hiki wengine wana vikombe, wengine wana picha, ila sisi tuna neno la bibi. Watu wakanishangilia, na wale wa foleni wasionijua nao wakashangilia. Akasema fungua kizibao bibi, tuuone! Nikasema baada ya kupanda. Nimekifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na joto hili. Natoka jasho kama jibini.

Wendell amesimama mbali na wengine. Hanitazami.

Hapa nasikia kila treni inavyokuja. Emil alinifundisha kusikiliza. Mti husema, alikuwa akisema, chuma hunyamaza mpaka utege sikio karibu. Basi nasikia. Mlima wa kwanza, kimya, unateleza. Wa pili — trrr. Trrr-trrr. Nyuma tu, mwisho wa treni. Mara tano sasa nimehesabu, mara tano zote. Ningelisikia siku ile ile kama ningekuwa nasikiliza badala ya kujificha.

Ngazi za kwenda kituoni ni thelathini na nane. Namwona Lorraine juu kule, ameshika nafasi, zile soksi nyekundu. Amegeuka mwili mzima kama bundi ananitafuta. Ameniona. Anapunga mikono yote miwili.

"Wifi! Zamu yetu! Nyuma kabisa, kama ulivyosema!"

Kama nilivyosema.

Duane anataka kunishika mkono. Aniache. Wendell, shika hii mikoba, mwanangu. Shika, nimekuambia, na usiondoke hapa, nitakuhitaji useme ile kweli yako, na mie niseme yangu. Haya. Nakuja! Lorraine! Usikae! Sikia, usikae kwanza —